Viganja Tisa vya Binti wa Plastiki

Nikisema leo kwamba ninamshukuru binti wa plastiki mwenye nywele za buluu, mfupi kama kalamu ya risasi iliyokwisha kuchongwa mara kadhaa, msidhani nimeanza kuzeeka vibaya. Nina sababu zangu, na nitazieleza moja baada ya nyingine. Atakayenikatiza nitaanza upya, shauri yake.

Kazi yangu ni kuvalisha makochi. Mwaka huu ni wa ishirini na sita. Karakana ni yetu wawili, mimi na mdogo wangu: yeye anapiga fremu za mbao, mimi naweka mikanda, springi, sponji, halafu kitambaa. Wateja walinibandika jina la Mama Springi na sikuona sababu ya kulikataa, maana kweli nikiguswa pabaya naruka.

Mwaka jana mteja mmoja alikuwa na haraka zake, mdogo wangu hayupo, kaenda kuchagua mbao. Nikasema aa, ubao mmoja tu, nitaukata mwenyewe. Nikawasha msumeno wa umeme ambao siku zote nilikuwa nawafukuza wengine wasiusogelee. Nilipoteza kiganja cha kushoto, chote, hadi kwenye kifundo. Sitaeleza zaidi ya hapo. Waliokuwapo hadi leo hawataki kuulizwa.

Watu waliponijia hospitali walinifariji: afadhali ni wa kushoto. Jamani! Kwenye kazi yangu mkono wa kulia unapiga pini tu, hata mtu asiyejua kitu anaweza kupiga pini. Wa kushoto ndio unaovuta kitambaa, unakishikilia pale pale kikiwa kimekaza, mpaka wa kulia umalize. Ukikilegeza kidogo tu, baada ya mwezi kochi linakuwa na mikunjo kama uso wa mtu aliyelala mchana. Bila wa kushoto mimi si fundi, ni mtu aliyesimama mbele ya kochi akiwa na stepla.

Hospitali wakanipeleka kwa fundi wa viungo bandia, bwana mmoja mwembamba, mpole, miwani yake ameifunga kwa kamba shingoni. Akanitengenezea mkono. Mzuri, sikatai. Rangi ni yangu hasa, kucha zipo, hata mshipa mmoja wa kijani kauchora mgongoni mwa kiganja. Ukiniona nimekaa nao mahali utadhani nimepumzika tu. Lakini haushiki kitu! Leso unaiangusha, kikombe unakisukuma. Nilimrudia nikamwambia mbele ya wagonjwa wake kwamba mkono huu ni wa kupigia picha, nikabamiza mlango. Tarehe tatu alizonipangia nikazipita kama sizioni.

Miezi minane nilikaa nyumbani. Mdogo wangu alijitahidi. Mara moja alinileta karakana, akasimama upande wa pili wa kochi ili anivutie kitambaa. Alikuwa anavuta kama anayeanua nguo kwenye kamba. Tuligombana hadi majirani wakaja mlangoni kuangalia, nikaondoka. Tangu hapo meza yangu ya kazi ikakaa tupu, akawa anaifuta vumbi kila Jumatatu.

Halafu siku moja akaja nyumbani, akakaa ukingoni mwa kiti. Nikajua ana neno.

"Dada," akasema, "kuna watu wa magodoro wanatafuta mahali pa kuweka mali yao. Wanataka pale penye meza yako. Wanataka jibu mwisho wa mwezi."

"Unanifukuza?"

"Sikufukuzi. Na wewe usianze. Nataka uniambie kitu kimoja tu: nisubiri au nisisubiri?"

Ungetegemea nimrushie maneno. Wapi! Nilimwambia nitamjibu, nikamsindikiza mpaka nje, nikarudi ndani nikalia mpaka nikapata kwikwi. Zilikuwa zimebaki wiki tatu na siku mbili, na jibu nililokuwa nalo ni lile nililokuwa nalichukia.

Sasa njooni kwa binti yangu, kitinda mimba. Yeye mchana anafanya kazi ya kupokea simu za watu wenye malalamiko, anatukanwa kuanzia saa mbili asubuhi mpaka saa kumi jioni, na anajibu, "Asante kwa kutupigia." Akirudi nyumbani furaha yake ni visanamu vya katuni za Kijapani, anime wanaziita. Chumbani kwake wamejaa kwenye rafu, wenye mapanga, wenye mabawa, mmoja ana masikio ya paka. Ana ukurasa wake mtandaoni ambako anavikagua kimoja kimoja kwa video, na kuna maelfu ya watu wanaomfuatilia. Sijui watu hao wanapika saa ngapi.

Duka moja lilimtumia kisanamu kipya, akaahidi video itatoka Jumamosi. Jumatano aling'olewa gego la mwisho. Alhamisi akaamka shavu limevimba kama ameficha chungwa humo, mdomo haufunguki. Akaniletea karatasi ameandika kwa herufi kubwa: MAMA NISAIDIE. WEWE ONGEA, MIMI NITAPIGA VIDEO.

"Mimi? Niongee na mdoli?"

Akaandika: HUNA KAZI NYINGINE.

Ilinichoma, maana ilikuwa kweli. Alipoona uso wangu akaja kunikumbatia kwa upande ule usiouma. Nikamwambia haya, lete huyo mdoli wako, nisije nikabadilisha mawazo.

Meza ya kulia chakula aliitandika karatasi kubwa nyeupe, akasimamisha taa mbili, simu akaiegemeza kwenye vitabu. Akanipa rundo la kadi za mambo ya kusema. Niliziweka chini ya kiti.

"Habari zenu," nikaanza. "Mwenye ukurasa huu anaumwa jino. Mimi ni mama yake. Nimewekewa hapa mdoli..."

Binti akapunga karatasi: SIYO MDOLI. NI FIGA.

"Nimeambiwa siyo mdoli, ni figa. Sawa. Akipigwa chini atavunjika kama mdoli lakini tumwite figa." Nikavuta futi yangu ya kupimia kitambaa. "Urefu, sentimita kumi na nne na nusu, pamoja na nywele."

Nilikuwa nimejiandaa kumponda. Lakini fundi akishaona kazi ya fundi mwenziwe hawezi kujizuia. Sketi yake ilikuwa ya plastiki, ila marinda yameanguka inavyotakiwa, yanabanana nyonga ilipo na kuachana magotini. Aliyeyachonga amewahi kukaa akaangalia kitambaa kinavyoning'inia. Macho yamepakwa rangi na kope zimechorwa moja moja, jicho lenyewe halifiki ukubwa wa punje ya mchele. Nilisema yote hayo, na nilisema pia kwamba buti la kushoto lina rangi iliyovuka mpaka, maana lilikuwa nayo.

Kisha viungo. Huyu binti anapinda bega, kiwiko, kiuno, goti, kifundo, hata shingo inainama kama mtu anayesoma gazeti la mwenzake kwa siri. Nilimkalisha, nikamsimamisha, nikamfanya apige magoti. Binti yangu aliinua karatasi nyingine kunieleza kwamba kwenye hadithi yake huyu ni mlinzi wa mnara wa saa na ana njaa wakati wote. Ndiyo maana vifaa vyake ni upanga na ala yake, kikombe cha chai na kisahani, na kipande cha mkate kilichokwisha kuumwa. Nyuso tatu: mmoja umenuna, mmoja unacheka, mmoja unapiga kelele. Nikasema ule wa kununa ndio utakaompendeza siku za kazi.

Halafu nikafunua trei ya mwisho.

Viganja. Vimepangwa kila kimoja kwenye kishimo chake. Ngumi mbili, vishimo vyake vitupu maana alikuwa amezivaa. Viwili vilivyofunguka. Viwili vya kushikia upanga, vina tundu katikati. Kimoja cha kuonyesha kidole. Kimoja cha kushikia kikombe, kidole gumba kimejitenga kidogo hivi. Kimoja cha kushikia mkate.

Nilipitisha kidole juu yake, kimoja kimoja. Binti akapunga karatasi: MAMA MBONA KIMYA?

"Nahesabu," nikasema. "Tisa."

Sitaki kuwadanganya, nilimwonea wivu mtu wa plastiki. Wivu wa kweli. Na nikiona wivu huwa naanza kutumia nguvu.

Sisi watu wa makochi tuna namna yetu ya kukagua. Mkono wa kochi unaushika kwa juu, unausokota kwa nguvu zako zote, kulia na kushoto. Ukilia, umeshindwa, urudi kwa seremala. Kochi ambalo mkono wake haujasokotwa halijakaguliwa, hivyo ndivyo nilivyofundishwa na hivyo ndivyo nilivyofundisha. Basi nikambana yule binti wa plastiki kwa mkono wangu wa bandia, nikamkandamiza mezani, nikakishika kiganja chake cha kulia nikakisokota.

Tk.

Kiganja kikabaki kwenye vidole vyangu. Kijiti chake cha kuchomekea, chembamba kama sindano, kilikuwa kimekatika na nusu imebaki ndani ya kifundo. Binti yangu alitoa mlio ambao mtu hutoa akiwa hawezi kufungua mdomo. Akaokota kadi zangu chini ya kiti, akachambua, akaniwekea moja mbele ya pua: KABLA YA KUBADILISHA VIGANJA, PASHA MOTO KWA MASHINE YA KUKAUSHIA NYWELE. VIUNGO VIKIWA VIPYA NI VIGUMU.

"Sasa si ungeniambia!"

Akaigonga kadi kwa kidole mara tatu. Kweli, alikuwa ameniambia.

Akakaa, akafikiri, akaandika kwa herufi ndogo, za aibu: TUSEME KILIKUJA KIMEVUNJIKA?

"Wewe mtoto!" nikamwambia. "Kuna mtu huko amekaa siku nzima anachora kope zisizoonekana, halafu mimi nimharibie jina kwa sababu sikusoma kadi? Hatusemi hivyo. Nitatengeneza."

Nilisema nitatengeneza kabla sijafikiri nani atatengeneza. Mdogo wangu seremala ana vidole vinene. Fundi saa alishahama. Katika watu wote ninaowafahamu, anayejua habari za kifundo cha mkono alikuwa mmoja tu, na huyo nilikuwa nimembamizia mlango.

Ijumaa asubuhi nilimfunga yule binti wa plastiki kwenye leso, nikabeba na trei yake, nikaenda. Njia nzima nilikuwa napanga maneno. Karakana ya viungo iko nyuma ya hospitali, unapita mlango wa jiko. Ndani kuna harufu ya gundi na plasta, vumbi jeupe kila mahali, na miguu imetundikwa ukutani kila mmoja na kikaratasi cha jina. Alikuwa amevaa aproni, anapiga msasa goti la mtu. Aliponiona akashusha miwani.

"Mama Springi. Umenikwepa tarehe tatu."

"Sikuja kwa ajili yangu. Nimekuletea mgonjwa."

Nikafungua leso. Mtu mwingine angecheka. Yeye alivuta taa, akachukua kioo cha kukuzia, akaangalia kifundo kwa makini kama anavyoangalia cha mtu.

"Wa kulia," akasema.

"Afadhali. Ungekuwa wa kushoto ningedhani nimemloga."

Hapo akacheka, na moyo wangu ukatulia kidogo. Akatafuta ncha ya kutobolea iliyo nyembamba kama unywele, akaitoa ile nusu iliyobaki ndani, akakata kipande cha waya wa shaba kiwe kijiti kipya cha kiganja. Alikuwa anafanya kazi na mimi nimekaa kwenye kiti chake kingine. Akaomba kuona viganja vilivyobaki ili alinganishe unene wa vijiti. Nikampa trei. Akavitoa, akavipanga mezani mstari mmoja, vyote.

Maneno niliyokuwa nimeyapanga njiani yalinipotea, yakatoka mengine.

"Fundi, hebu nieleze. Huyu ni plastiki. Hapiki, hafagii, hajawahi kuvaa kitambaa cha kochi hata kwa bahati mbaya. Ana viganja tisa! Cha chai, cha mkate, cha upanga. Mimi niliye hai mmenipa kimoja, na hicho kimoja hakishiki hata leso. Nimekukosea nini?"

Akaweka koleo chini. Hakukasirika, na nilitamani angekasirika. Akainuka, akafungua kabati la mafaili, akatoa langu, akalipekua mpaka ukurasa wa kwanza.

"Hapa kuna swali ninalomwuliza kila mtu," akasema. "Unataka mkono ukufanyie nini? Nitakusomea jibu lako. 'Nataka watu wasijue.'"

Nilitaka kukana. Mdomo ulishafunguka. Kisha nikakumbuka: nilikuwa nimekaa hapo hapo, nyuzi za kidonda zimetolewa juzi yake, nimejifunika kanga mpaka kidevuni, sitaki kuangaliwa na mtu.

"Nikakuuliza habari za kazi," akaendelea. "Ukasema kazi imekwisha, niache. Nikaandika ulivyosema. Zile kucha nilizipaka siku tatu, mama. Niliomba mke wangu aniazime mkono wake nione kucha za mtu mzima zinang'aa wapi."

Jamani, kuna aibu inayokuja usoni na kuna inayoshuka tumboni. Hii ilishuka. Mtu ametimiza neno langu, herufi kwa herufi, kwa siku tatu, na mimi nikamtukana mbele za watu kwa sababu kafanya nilichomwambia. Miezi minane nimekaa ndani nikimlaumu yeye.

"Nisamehe, fundi," nikasema. Ni maneno mawili tu lakini nilihema baada ya kuyatoa.

"Yamekwisha." Akavuta stuli karibu. "Haya, tuanze upya. Unataka ukufanyie nini?"

"Uvute kitambaa."

"Nionyeshe."

Nikachukua taulo lake, nikalitandaza ukingoni mwa meza, nikamwonyesha kwa mkono wa kulia kazi ya mkono wa kushoto. Unabana hivi. Unavuta kuelekea chini. Hapo unakaa nyuma, unaegemea kwa uzito wako wote, hutikisiki. Akanifanya nirudie mara tano. Anaangalia kiwiko, anaangalia bega.

"Vidole vinafanya kazi gani?" akauliza.

"Vinashika."

"Angalia vizuri."

Nikaangalia. Kweli vilikuwa havifanyi lolote la peke yake. Vyote vimebanana pamoja dhidi ya kidole gumba. Ni mdomo tu ule, unauma kitambaa. Kazi yote inafanywa na mgongo. Miaka ishirini na sita na sikuwa nimewahi kuliona hilo.

"Basi huhitaji vidole," akasema. "Unahitaji taya. Pana, zenye mpira ndani, na ukivuta zinazidi kujibana. Mkulima nimemtengenezea wa kushikia jembe. Kuna mpishi ana wake wa sufuria. Kwenye kifundo naweka kipande cha kufungia: ukienda kazini unavaa huu, ukirudi unauzungusha unatoka, unavaa ule wa kucha. Ningekupa siku ile ile ya kwanza, mama, kama ungeniambia."

"Mwisho wa mwezi utakuwa tayari?"

"Kwa nini mwisho wa mwezi?"

Nikamweleza habari za meza yangu na watu wa magodoro. Alinisikiliza hadi mwisho, akachukua futi, akaanza kunipima kigutu. Binti wa plastiki alikuwa amelala pembeni kwenye leso, kijiti kipya cha kiganja chake kimekauka gundi.

Jumamosi tulimaliza video. Niliwaambia wale maelfu ukweli: kifundo nilikivunja mimi, kwa ujuaji wangu, pasha moto kwanza, someni kadi. Niliwaonyesha waya wa shaba ulivyokaa. Nikakivisha kiganja cha kikombe, nikamnywesha chai. Nikakitoa, nikavisha cha mkate. Kisha, bila kupanga, nikauweka mkono wangu wa bandia mezani karibu naye. Nikasema huu umetengenezwa na mtu aliyepaka kucha siku tatu, nami sikuwahi kumshukuru. Binti yangu nyuma ya simu alikuwa anafuta macho. Nyingi ya salamu walizoandika watu zilikuwa za kunitia moyo. Mmoja aliuliza kama naweza kukagua stuli za mama yake.

Mkono wa kazi haukuja kwa mara moja, msije mkadhani. Ule wa kwanza ulinichubua kigutu nikakaa siku mbili nimekipaka dawa. Taya za pili zilichana kitambaa. Za tatu zilishika turubai vizuri lakini kwenye mahameli ziliteleza, na mahameli ndiyo wateja wanayoitaka. Nilikuwa naenda karakana yake kila baada ya siku mbili na vipande vya vitambaa kwenye mfuko. Siku moja nilikata tamaa kabisa, nikamwambia tuache, nimekusumbua vya kutosha. Alikuwa amepiga magoti sakafuni anatafuta parafujo iliyoanguka. Akasema bila kuinua kichwa, "Nishikie taa." Nikamshikia. Siku iliyofuata alikata mpira wa ndani wa tairi la baiskeli, akaubandika kwenye taya, upande wenye mikwaruzo ukielekea kitambaa. Mahameli haikutoka. Nilivuta mpaka meza yake ikasogea.

Nilimshukuru pale pale. Nilimshukuru kwa mkono wa kwanza na kwa wa pili, kwa kucha, kwa kunisomea maneno yangu bila kuninyanyasa, na kwa kutonifukuza. Nilisema sana, nikashindwa kukoma. Alikuwa anafuta miwani yake muda wote huo ingawa ilikuwa safi. Namshukuru pia binti yangu, aliyevumilia kunipa kadi nisizozisoma. Na huyo wa nywele za buluu, ambaye nilimvunja na bado anacheka, maana uso wa kucheka ndio tuliomwachia.

Siku moja kabla ya mwezi kuisha niliingia karakana asubuhi. Mdogo wangu alikuwa anafagia kuizunguka meza yangu. Aliutazama ule mkono wa chuma na mpira, akanitazama mimi, akaendelea kufagia. Kulikuwa na kiti kimoja kimesubiri, cha mtu mmoja, springi zimekaa, sponji imekaa. Nikatandaza mahameli ya kijani, nikapiga pini za mbele. Nikazunguka nyuma.

Yeye akaacha ufagio, akaja upande wangu, akashika ukingo wa kitambaa kama alivyofanya siku ile tuliyogombana. Safari hii alikuwa anavuta vizuri. Sijui alijifundishia wapi, labda kwenye magunia, peke yake. Nikaweka taya karibu na vidole vyake, nikabana, nikaegemea nyuma.

"Achia," nikamwambia.

"Dada, kitarudi. Piga pini kwanza."

"Achia."

Alikuwa anaogopa. Niliona anavyotoa kidole kimoja, halafu cha pili, polepole, kama mtu anayemweka mtoto aliyelala kitandani. Akatoa mikono yote miwili, akaiacha hewani karibu na kitambaa, tayari kukidaka.

Kitambaa hakikurudi. Kilikaa pale pale, kimekaza, bila mkunjo hata mmoja, na aliyekishika ni mimi. Nikainua stepla nikapiga pini ya kwanza, ya pili, ya tatu, machozi yananishuka na sina mkono wa kuyafutia, nikayaacha yashuke.

Nilipofika kwenye kona nikasikia mdogo wangu yuko mlangoni, amenipa mgongo, anaongea na simu. Alianza, akakohoa, akaanza upya.

"Samahani sana jamani," aliwaambia watu wa magodoro, "hapa mahali pana mwenyewe. Na ameshaanza kazi."